Chembechembe si uchafu: kuitazama na kuisikiliza Akira kwenye diski

Mtu aliyezoea katuni za siku hizi, ambazo rangi zake zimetulia bila doa, akiweka kwenye deki yake diski ya 4K, kizazi kilichofuata DVD na Blu-ray, ya Akira, filamu ya katuni ya Kijapani, huenda akadhani ameuziwa nakala mbovu. Anga la usiku la Neo-Tokyo, jiji la hadithi hiyo, halitulii: limejaa chembe ndogo zinazocheza katika kila fremu, na mara mojamoja kipande cha vumbi hupita juu ya uso wa mhusika kisha kikatoweka. Lalamiko linalofuata huwa ni lile lile, kwamba haiwezekani mtu alipe bei ya 4K halafu apewe picha yenye mchanga. Msimamo wangu ni kwamba lalamiko hilo limeshika kipimo kisicho chake. Diski ya filamu iliyochorwa kwa mkono na kupigwa picha kwenye ukanda wa milimita 35 hupimwa kwa ukanda ule, si kwa uwezo wa runinga iliyotoka kiwandani mwaka jana. Na sauti yake hupimwa kwa kazi iliyofanywa studio, si kwa tarakimu zilizochapwa kwenye kasha.

Akira ya mwongozaji Katsuhiro Otomo ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 16 Julai 1988. Ni filamu ya dakika 124 iliyotumia seli zaidi ya 160,000. Seli ni karatasi angavu ya plastiki ambayo mchoro hunakiliwa upande wake wa mbele na rangi hupakwa upande wa nyuma, kisha hulazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwenye karatasi, na vyote pamoja hupigwa picha, fremu baada ya fremu, na kamera iliyofungwa juu ya meza ikitazama chini. Rangi zilizotumika zinatajwa kuwa 327, na sababu kubwa ya wingi huo ni usiku. Sehemu kubwa ya hadithi inatokea gizani, na usiku ulikuwa ghali kwa wachoraji wa wakati ule, kwa sababu kila kitu kilichokwisha kuwa na rangi yake ya mchana kilihitaji rangi nyingine ya gizani, na nyingine tena kikikaribia taa. Koti jekundu chini ya taa za neoni si jekundu lile lile la koti hilo kwenye kivuli cha daraja, na Otomo na wenzake hawakukubali kuyachanganya.

Kati ya brashi ya mpaka rangi na jicho la mtazamaji, basi, kuna lenzi na kuna ukanda wa filamu. Chembechembe zinazolalamikiwa zilizaliwa kwenye ukanda huo wakati mwanga ulipougusa, nazo ndizo zilizobeba picha. Hakuna picha nyingine iliyo safi zaidi iliyojificha nyuma yake ikingoja kufunuliwa. Anayeziondoa anaondoa sehemu ya picha, na katika filamu za michoro hasara yake ni kubwa kuliko katika filamu za waigizaji, kwa sababu ambayo haielezwi mara nyingi.

Programu za kupunguza chembechembe hufanya kazi kwa kulinganisha fremu na jirani zake: kinachobaki pale pale huhesabiwa kuwa picha, na kinachobadilika ghafla huhesabiwa kuwa uchafu. Sasa fikiria jinsi katuni ya Kijapani inavyokwenda. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, lakini mchoro mmoja kwa kawaida hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu kabla ya mwingine kuchukua nafasi yake, na mchoro unaofuata unaweza kuwa umeruka mbali. Mstari mwembamba wa pembe ya jicho, unywele mmoja unaopeperuka, mistari ya mwendo nyuma ya gurudumu: vyote hivyo huonekana kwa muda mfupi kabisa kisha vikahama. Programu isiyojua kuchora huviona vimebadilika ghafla, ikavifuta. Ndiyo maana katuni nyingi za zamani zilizosafishwa kupita kiasi zina nyuso zilizopigwa pasi na mistari iliyokatika katikati, hasa pale mhusika anapokimbia au kugeuka, na ukisimamisha picha utakuta kidevu hakipo au mkono una vidole vitatu na kivuli cha kidole cha nne. Hasara hiyo hairekebishiki kwa runinga yoyote.

Hii haina maana kwamba kila kinachoonekana kwenye picha ni kitakatifu. Vumbi lililonasa kwenye ukanda wakati wa kuuchapa au kuuhifadhi, mikwaruzo iliyotokana na mashine, na kucheza kwa picha kunakosababishwa na ukanda kutokaa sawa, vyote vinastahili kuondolewa, kwa sababu havikuwapo mezani siku ya kupiga picha. Ila kuna vumbi jingine, lile lililokuwa kati ya seli na seli wakati kamera inafyatua, na kuna kile kivuli chembamba ambacho seli ya juu huangusha kwenye mandhari iliyo chini yake. Hivyo ni vya filamu yenyewe. Mrekebishaji mzuri anatakiwa ajue tofauti, na kazi hiyo haifanywi kwa kubonyeza kitufe kimoja; mtu lazima akae aangalie fremu kwa fremu na aamue. Mimi ningependelea diski iliyoacha vumbi kidogo la ziada kuliko iliyofuta nywele za Kaneda, kijana ambaye ni mhusika mkuu.

Tukirudi nyuma kwenye DVD, ambayo ndiyo iliyowafikishia wengi filamu hii, kasoro zake zilikuwa za namna nyingine na zilitokana na ufinyu wa chombo. DVD ya mfumo wa Japani na Marekani ina nukta 720 kwa 480, na kasi yake ya video haiwezi kuzidi takriban megabiti 9.8 kwa sekunde. Chembechembe ni kitu kigumu kubana, kwa kuwa hazijirudii. Fremu inayofuata ina mpangilio mpya kabisa. Kodeki ya zamani, yaani programu ya kubana video, ikikutana nazo gizani, hushindwa, ikabadilisha giza kuwa vigae vya mraba vinavyotembea.

Lakini kasoro ya DVD iliyo wazi kuliko zote kwa filamu hii ni ya rangi nyekundu. Katika video ya diski, taarifa ya mwangaza huhifadhiwa kwa ukamilifu, ila taarifa ya rangi hupunguzwa hadi robo ya nukta, kwa hoja kwamba jicho la binadamu hutambua mwangaza kwa makini zaidi kuliko rangi. Maana yake ni kwamba DVD yenye nukta 720 kwa 480 ina rangi za 360 kwa 240 tu. Kwa nyasi na ngozi hilo hupita bila kusumbua. Kwa pikipiki nyekundu inayokimbia usiku juu ya lami nyeusi, ambapo wekundu una mwangaza mdogo na karibu kila kinachoitambulisha pikipiki ni rangi yenyewe, matokeo ni ukingo uliochanika ngazi ngazi na wekundu unaovuja kwenye giza. Tazama taa za nyuma za pikipiki katika mapigano ya barabarani ya mwanzoni, zile zinazoacha mkia wa mwanga hewani: kwenye DVD mkia ule ni ukungu mwekundu. Kwenye Blu-ray, ambayo rangi zake zina nukta 960 kwa 540, unapata umbo. Kwenye diski ya 4K, rangi peke yake ina nukta 1920 kwa 1080, sawa na picha nzima ya Blu-ray, na hapo mkia wa taa unaonekana ulivyo, mwanga wenye kingo na wenye kiini kilicho cheupe kuliko pembeni. Watu husema 4K ni kuona vitu vidogo. Kwa Akira, faida ya kwanza ni hii ya wekundu kukaa mahali pake.

Blu-ray ya mwaka 2009 ilikuwa hatua kubwa na bado ni diski nzuri. Udhaifu wake ni wa mfumo wenyewe: Blu-ray hutumia biti 8 kwa kila rangi, ambazo ni ngazi 256 kutoka giza hadi weupe, na anga linalofifia taratibu kutoka zambarau hadi nyeusi huhitaji ngazi nyingi zaidi ya hizo ili lisionyeshe michirizi. Chembechembe husaidia hapa kwa njia ambayo wanaozichukia hawaitarajii, kwa sababu huvunjavunja mpaka kati ya ngazi moja na nyingine, na jicho halioni mchirizi. Ukizifuta, michirizi inajitokeza. Mtu anayetaka picha isiyo na mchanga hupewa anga lenye mistari, kisha hulalamikia mistari.

Toleo la 4K lilitoka Japani Aprili 2020, baada ya ukanda chanya wa masta wa milimita 35 kuchanganuliwa upya kwa 4K. Ukanda chanya umechapwa kutoka kwenye negativu, yaani ukanda uliokuwa ndani ya kamera yenyewe, hivyo una chembechembe za vizazi viwili, zake na za mzazi wake, na ukali wake uko chini kidogo ya ule wa negativu. Anayetarajia mistari ya wino ikate kama iliyochorwa kwa kompyuta hataipata, na haikuwahi kuwapo. Kilichoongezeka kiko kwenye mandhari: majengo ya Neo-Tokyo yaliyochorwa dirisha kwa dirisha, nyaya na mabomba, maandishi kwenye mabango, na alama za brashi ambazo kwenye DVD zilikuwa rangi bapa tu. Kilichoongezeka pia ni chembechembe zenyewe, ambazo sasa zina umbo la chembe na si la vidonge vilivyosagika, na kwa sababu hiyo hazisumbui. Nadhani hili ndilo linalowapotosha wengi: chembechembe zilizobanwa vibaya huudhi, zikielezwa vizuri jicho huzizoea baada ya dakika chache.

Kuna jambo la HDR, yaani uwezo wa picha kuonyesha mwanga mkali zaidi pamoja na giza zito zaidi, ambalo kwa filamu ya rangi za kupaka lingeweza kuwa upuuzi. Rangi iliyopakwa kwenye plastiki na kumulikwa na taa za studio haiwezi kung'aa zaidi ya karatasi nyeupe iliyo kando yake, kwa hiyo hakuna sababu ya shati la mhusika kuchoma macho. Katika Akira, hata hivyo, taa nyingi hazikupakwa. Zilipigwa kwa mwanga wa kupenya: wapiga picha waliziba kila kitu kwa karatasi nyeusi yenye matundu, wakawasha taa chini ya meza, wakarudisha ukanda nyuma na kuupitisha mara ya pili ili mwanga halisi uangukie mahali pa taa ya pikipiki, bango la neoni, au miale inayotoka angani. Mwanga ule ulikuwa mkali kweli mbele ya lenzi. Diski ya 4K inapoiacha taa ing'ae na kuuacha uso wa Kaneda ubaki katika mwangaza wa kawaida, inarudisha tofauti iliyokuwapo mezani, na biti zake 10, zenye ngazi 1,024 kwa kila rangi, zinatosha kuufikisha mwanga huo gizani bila michirizi. Hapo HDR imestahili nafasi yake. Katuni nyingine nyingi zilizoongezewa HDR bila kuwa na mwanga wa aina hiyo zimeishia kuwa na mawingu yanayong'aa kuliko jua.

Suala la nani mwenye neno la mwisho kuhusu rangi lina historia yake Japani kwenyewe. DVD ya Spirited Away ya Hayao Miyazaki ilipotoka huko mwaka 2002, wanunuzi walikuta picha nzima imeelekea wekundu, tofauti na walichokiona sinema na hata kwenye matangazo ya televisheni. Wauzaji walieleza kwamba rangi zilirekebishwa kwa makusudi. Baadhi ya wanunuzi hawakuridhika, wakaenda mahakamani, na shauri likaisha kwa maridhiano. Blu-ray ya Japani ya mwaka 2014 haina wekundu ule. Filamu hiyo ilipakwa rangi kwa kompyuta, kwa hiyo hata faili za kidijitali hazimlindi mtazamaji dhidi ya uamuzi uliofanywa baadaye, na kwa filamu ya seli hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa rangi za ukanda hufifia na anayezirudisha hukisia kwa kutazama seli zilizobaki, nakala za maonyesho, na kumbukumbu za waliokuwapo.

Kwenye sauti, Akira ni kesi ya pekee. Kwa desturi ya Japani, sauti za waigizaji huingizwa baada ya michoro kukamilika. Hapa mazungumzo yalirekodiwa kwanza, na wachoraji wakaichora midomo kuyafuata. Muziki nao ulitungwa bila kungoja picha zikamilike. Waliofanya kazi hiyo ni Geinoh Yamashirogumi, kundi lililoanzishwa 1974 na ambalo wengi wa wanachama wake si wanamuziki wa kulipwa. Walichanganya jegog, ambayo ni gamelan (kundi la ala za kugonga) ya mianzi mikubwa kutoka magharibi ya Bali, na uimbaji wa noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, na wa watawa wa Kibudha, pamoja na sinthesaiza. Mianzi ya jegog ina sauti nzito inayosikika kifuani na wakati huo huo ina mgoto mkavu wa juu kabisa pale nyundo inapogusa. Sauti ya DVD, ambayo kwa kawaida hubanwa hadi kilobiti 448 kwa sekunde kwa chaneli sita, huipokea sehemu ya kwanza vizuri na kuisugua ya pili. Pigo linabaki, mti unapotea.

Kiongozi wa kundi hilo, Shoji Yamashiro, ni jina la sanaa la mwanasayansi Tsutomu Ohashi, na hapo ndipo maelezo ya kasha yanapoanza kuwa na mambo. Mwaka 2000 Ohashi na wenzake walichapisha utafiti uliotumia gamelan ya Bali, wakidai kwamba sauti zilizo juu ya uwezo wa sikio, yaani zaidi ya kilohezi 20 hivi, hubadilisha utendaji wa ubongo zikisikika pamoja na zile za kawaida. Blu-ray ya 2009 ikaja na sauti ya Kijapani ya Dolby TrueHD, namna ya kuhifadhi sauti bila kupoteza chochote, ya chaneli 5.1 (yaani sita) kwa biti 24 na sampuli za kilohezi 192, mfumo unaoweza kubeba masafa hadi kilohezi 96, na toleo la 4K likaendelea na njia hiyo baada ya sauti kuchanganywa upya chini ya usimamizi wa Yamashiro mwenyewe.

Dai la utafiti ule halijakubaliwa na wote, na wataalamu wengine wa sauti wamelipinga. Hata tukiliacha, bado kuna swali la vifaa: spika nyingi za nyumbani huanza kuzimika karibu na kilohezi 20, na amplifaya nyingi za sinema ya nyumbani hupunguza sampuli za kilohezi 192 zenyewe mara tu mtumiaji anapowasha urekebishaji wa sauti ya chumba, bila kumwambia. Mwenye runinga iliyo peke yake ukutani, yenye vispika viwili vinavyotazama chini, hana analopata kutokana na tarakimu hiyo. Nionavyo mimi, ubora wa sauti ya diski hizi uko kwenye mambo mawili ambayo kasha haliyatangazi: kwamba sauti haikubanwa kwa kupoteza chochote, na kwamba aliyeichanganya hakuogopa kimya.

Mfano ulio wazi uko mwanzoni kabisa. Tokyo inaonekana kutoka juu, kisha tufe jeupe linakua katikati ya jiji na kulimeza, wala hakuna kishindo cha mlipuko. Baadaye kamera inashuka juu ya Neo-Tokyo ya 2019 hadi shimo jeusi lililoachwa na mlipuko ule linapojaza skrini, jina la filamu linatokea kwa herufi nyekundu, na ndipo linaposikika pigo moja zito. Nguvu yote ya pigo hilo inategemea umbali kati yake na kimya kilichotangulia. Mchanganyaji akikipandisha kimya ili kisikike kwenye vispika vidogo, au akilishusha pigo ili lisiwashtue majirani, umbali unafupika na mwanzo wa filamu unakuwa mlio wa kawaida. Kwenye diski za Blu-ray na 4K umbali upo, na chumba chenye sabufa ya wastani kinautoa bila shida.

Sauti za Kiingereza zipo mbili, ya miaka ya mwisho ya 1980 na ya 2001, na kila moja ina wapenzi wake. Midomo, hata hivyo, ilichorwa kwa maneno ya Kijapani, na katika filamu ambayo midomo ilifuata sauti kwa makini kiasi hicho, kuibadilisha sauti kunaondoa kazi ya mchoraji. Wanaosoma manukuu wanapoteza macho kwenye mandhari. Mimi huchagua hasara hii ya pili.

Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki au Uarabuni, kuna jambo la mipaka ya kibiashara. Japani na Marekani ziko kwenye kanda A ya Blu-ray, wakati Afrika, Mashariki ya Kati na Ulaya ziko kwenye kanda B, kwa hiyo Blu-ray iliyoagizwa Tokyo inaweza kukataliwa na deki iliyonunuliwa Nairobi au Muscat. Diski za 4K hazina kanda. Ya Japani itacheza popote penye deki ya 4K, ingawa mnunuzi athibitishe kwanza kama ina manukuu ya lugha anayoielewa. Toleo la Uingereza la Blu-ray ni la kanda B na halina tatizo hilo.

Kabla ya kulaumu diski, mtazamaji afungue mipangilio ya runinga yake. Runinga nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa upunguzaji wa chembechembe, uongezaji wa ukali wa kingo, na ulainishaji wa mwendo. Huu wa mwisho hubuni fremu ambazo hakuna aliyezichora na kuzipachika kati ya mchoro na mchoro, na katika katuni hutoa mikono inayoyeyuka na magurudumu yenye pembe. Vyote vitatu vizimwe, na picha iwekwe kwenye hali ya sinema. Baada ya hapo, mwenye skrini ya inchi 43 anayekaa mita tatu kutoka ukutani hataona tofauti kubwa kati ya Blu-ray na 4K isipokuwa kwenye taa na kwenye wekundu, na kama runinga yake haina mwangaza wa kutosha kwa HDR, Blu-ray inamtosha. Mwenye skrini ya OLED ya inchi 55 na kuendelea, au projekta kwenye chumba cha giza, anunue ya 4K.